Kitanda Kitaingia?

Mafundi wa ujenzi walimpa jina la Timazi, na halikuwa jina la mapenzi. Kwa upande mmoja lilitoka mkobani mwake, alimotunza kipande cha chuma chenye ncha, kilichofungwa kwenye uzi, alichoachiwa na marehemu baba yake aliyekuwa mwashi. Ofisi ya ujenzi ya manispaa ilimpa kifaa cha kisasa cha kupimia unyoofu wa ukuta, chenye taa nyekundu na kijaluba chake, lakini yeye alining'iniza timazi la baba yake, akangoja litulie, kisha akautazama ukuta kama hakimu anavyomtazama shahidi. Kwa upande mwingine jina lilitokana na yeye mwenyewe. Hakupokea soda. Akikaribishwa kiti alisema kukaa amekaa sana ofisini. Fundi aliyemwona akikata kona alipiga mluzi, na wenzake wakavaa kofia ngumu haraka haraka huku wakicheka kwamba hata nguzo zinajinyoosha zikimsikia.

Kazi yake, ukiifuta vumbi, ilikuwa kuyapa mambo majina yake. Kanuni za ujenzi zina majina, na kila jina lina mzigo wake. Mtu akirudisha kilichokuwepo, akang'oa ubao uliooza na kupigilia mzima, huo ni ukarabati. Akivunja ukuta wa ndani ili sebule ikutane na jiko, hayo ni mabadiliko. Akiongeza mahali pa kuishi pasipokuwepo, hiyo ni nyongeza, na nyongeza hupimwa kama nyumba mpya kuanzia chini ya udongo.

Ugomvi mwingi ulikuwa kwenye mabaraza. Nyumba za mtaa ule zilijengwa kwenye mteremko, na karibu kila moja ilikuwa na baraza la mbao kwa nyuma, limeinuliwa juu ya nguzo, na bati moja jepesi la kuzuia jua. Familia zilipokua, macho yaligeukia huko. Sakafu ipo, paa lipo, kilichobaki ni kuta tatu na dirisha. Kila mwenye nyumba aliamini kwamba hajengi kitu, anaziba upepo tu. Timazi alieleza mpaka akachoka: baraza lililo wazi hubeba viti na watu wanaopunga hewa, na upepo hupita katikati yake. Ukilifunga, upepo unasukuma kuta, kuta zinasukuma nguzo, na nguzo zinadai msingi ambao hazikuwahi kupewa. Tena baraza liliruhusiwa kusogelea mpaka wa jirani, chumba hakikuruhusiwa. Kwa hiyo nyumba nyingi ziliponaswa na neno nyongeza, habari iliishia hapo hapo.

Alipoona maelezo hayaingii, alibuni swali moja. Alisimama katikati ya baraza, akamwangalia mwenye nyumba, akauliza: "Ukimaliza kuziba, kitanda kitaingia?" Mtu akinyamaza au akikuna kichwa, Timazi aliandika nyongeza. Swali hilo likawa utani wa mafundi. Wakijenga hata banda la kuku waliulizana, kitanda kitaingia?

Mshonaji nguo wa mtaa wa chini hakuuona utani wake. Alikuwa mjane, na alikuwa ameziba baraza lake kwa plaiwudi, akaingiza cherehani zake mbili. Timazi alifika asubuhi moja akamkuta anapiga pasi.

"Dada, mimi sijajenga," mshonaji alisema. "Sakafu niliikuta, paa nililikuta. Nimeziba upepo."

"Kitanda kitaingia?"

"Kitanda changu kiko chumbani. Mimi hapa nashona."

"Na cherehani?"

Mshonaji akazitazama cherehani zake kama watoto waliokamatwa kwa jirani. "Hizo zimeshaingia," akasema. "Zilikuwa zinanyeshewa."

Timazi aliinama chini ya baraza. Nguzo zilikaa juu ya matofali mawili mawili, bila zege, na dirisha jipya lilikuwa karibu mno na nyumba ya jirani. Mtu angeweza kuegemea na kuugusa ukuta wake. Akapanda tena, akafuta magoti.

"Ni nyongeza. Na hapa nyongeza haipati kibali, mpaka uko karibu. Itabidi ufungue."

"Ungeandika ukarabati, nani angejua?"

"Mimi."

Mshonaji alifungua. Akafunga turubai la buluu kwa kamba, akaendelea kushona huku upepo ukimpeperushia vitambaa. Alipokutana na Timazi njiani hakumnunia. "Habari za kazi, dada?" aliuliza kila mara, kwa adabu ile ile, na Timazi alijibu, "Njema," akapita. Angetukanwa angejua la kufanya.

Timazi hakuwahi kuolewa. Alipanga chumba na sebule kwenye ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti. Mama yake, ambaye magoti yalikuwa yamekataa kazi, aliwahi kujaribu kwenda kuishi naye. Alifika katikati ya ngazi, akaketi, akasema, "Niacheni hapa hapa nifungue duka." Wakacheka wote, wakamshusha. Tangu siku hiyo aliishi kwa mwanawe wa kwanza, kaka yake Timazi, muuza vipuri vya magari.

Kaka huyu hakuwa mtu wa kupuuzwa. Baba yao alipofariki, Timazi alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo. Kaka aliacha masomo, akaenda kuuza vipuri vilivyotumika kando ya barabara, mikono ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na ada ya chuo ililipwa mpaka mwisho. Hakulizungumzia jambo hilo. Nyumba nzima ililijua, kama watu wanavyojua ilipo swichi ya taa gizani.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja chake na mkewe, kimoja cha mabinti zake watatu. Mama alilala kwenye kona ya sebule, nyuma ya pazia la maua. Televisheni ilikuwa hatua chache kutoka kichwani pake. Wageni walikuja, wakanywa chai, wakabishana mpira, na yeye alilala huku wanabishana au alijifanya amelala.

Jumapili moja Timazi alikuwa pale kwa chakula cha mchana. Rafiki wa kaka yake, mtu mwema tu, alikuwa anatafuta pa kuchomeka simu. Akaona waya umeingia nyuma ya pazia, akalivuta. Mama alikuwa anabadili nguo.

Sebule ilinyamaza. Kisha mtu akaongeza sauti ya televisheni, na hilo lilikuwa baya kuliko kimya. Baada ya muda mama alitoka, amejifunga kanga vizuri, anatabasamu. "Mgeni wetu ameona mengi," akasema. "Mpeni chai ya pili, moyo umtulie." Watu wakacheka kwa shukrani. Timazi aliiona mikono ya mama ikitafuta mgongo wa kiti.

Kaka akamwita nje, kwenye baraza la nyuma.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

"Nataka kumzibia mama hapa. Kuta tatu, mlango, dirisha moja. Fundi yupo, mbao nimeshapata. Wewe niandikie ukarabati tu. Kusema kweli hizi mbao zimeoza, si uongo."

Timazi aliangalia chini. Ukuta wa jirani ulikuwa karibu kama ule wa kwa mshonaji. Mteremko ule ule, mpaka ule ule.

"Kaka, hiyo ni nyongeza."

"Nyongeza ya nini? Naongeza mama? Mama si yupo?"

"Unaongeza chumba."

"Naziba upepo."

"Kaka."

"Haya, basi nyongeza. Nikileta michoro, itapita?"

"Mimi siruhusiwi kuikagua, wewe ni ndugu yangu. Ataikagua mwenzangu."

"Nimekuuliza, itapita?"

"Haitapita."

Kaka yake alipangusa ukingo wa baraza kwa kiganja, polepole, kama anayefuta meza. "Mimi nilipoacha shule," akasema, "sikuuliza kanuni inasemaje."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Mwache, bwana," akamwambia mumewe. "Yeye na kanuni zake wataoana. Tutakuja kucheza harusi."

Timazi aliingia kumuaga mama. Nyuma ya pazia palikuwa na nafasi ya kitanda na ya mtu mmoja kusimama kiubavu.

"Nimewasikia," mama alisema kwa sauti ya chini. "Usigombane na kaka yako kwa ajili yangu. Mimi nimezoea. Nimejifunza kuvaa nguo chini ya shuka, kama mwanafunzi wa bweni." Akacheka kidogo. Halafu kicheko kikaisha mapema kuliko alivyotaka. "Ila nimechoka, mwanangu."

Timazi aliondoka na maneno hayo, na wiki ile aliandika ukarabati.

Hapa wengi watamwonea huruma, na huruma hiyo si mbaya. Lakini isitumike kufunika jambo. Zilikuwepo njia. Angeweza kutafuta nyumba ya chini, ndogo, mbali na kazini, akaishi na mama yake. Angeweza kumwambia kaka yake awabane mabinti chumbani kwake na mkewe kwa muda, ampe bibi yao mlango. Angeweza kulipeleka faili kwa mwenzake na kupokea jibu la kukataliwa kama alivyolipokea mshonaji. Njia hizo zote zilikuwa na usumbufu, na mtu alilazimika kuubeba. Alichagua njia ambayo usumbufu wake ulikuwa wa wino tu. Faili hakulipeleka kwa mwenzake kwa sababu hakutaka mtu mwingine aseme uongo kwa niaba yake, na akajisifu moyoni kwa hilo, kana kwamba uongo una heshima ukisemwa na mwenyewe.

Aliandika: kubadili mbao za sakafu zilizooza na kuweka kinga ya upepo. Neno chumba halikuwepo.

Fundi aliyepewa kazi alikuwa mzee aliyefahamiana naye tangu enzi za baba yake. Timazi alimsimamia kila siku baada ya saa za ofisi. Aliamuru nguzo zichimbuliwe, zimwagiwe zege, mihimili iongezwe. Kama ni uongo, alijiambia, basi uwe uongo usioanguka.

Siku dirisha lilipowekwa, fundi alishuka kwenye ngazi, akakung'uta machujo ya mbao, akamtazama kwa jicho la utani wa miaka mingi.

"Eh, Timazi. Kitanda kitaingia?"

"Fanya kazi yako, mzee."

Fundi alirudi kwenye ngazi. Hakumtania tena siku ile, wala baada ya hapo. Alianza kumwita "mama mkaguzi", kama wanavyomwita watu wasiomjua.

Kitanda kiliingia. Mama alimpigia simu jioni ya kwanza. "Leo nimefunga mlango," alisema. "Nimeufunga, halafu nikaufungua, halafu nikaufunga tena. Binti zake kaka yako wananicheka." Sauti yake ilikuwa ya msichana. Timazi alikaa kwenye ngazi za jengo lake na simu sikioni, na kama kulikuwa na saa moja katika maisha yake aliyoamini kwamba alikuwa amewazidi akili walioandika kanuni, ilikuwa hiyo.

Haikupita muda mrefu mshonaji akaja ofisini. Hakuwa amewahi kufika pale. Alivaa gauni lake zuri, akakaa kwenye benchi mpaka zamu yake, akaweka ombi mezani.

"Habari za kazi, dada?"

"Njema. Nikusaidie nini?"

"Nakarabati baraza langu. Nabadili mbao zilizooza, naweka kinga ya upepo." Alitamka kila neno taratibu, kama mtoto anayekariri. "Fundi ndiye aliyenifundisha maneno. Alisema siku hizi ndivyo inavyoandikwa."

Timazi alilitazama ombi. Wenzake wawili kwenye meza za jirani waliacha kuchapa.

"Kwako tulishapima," akasema. "Mpaka uko karibu."

"Kwa kaka yako uko mbali?"

"Kule ni..." Alianza, akakosa neno. Maisha yake yote alikuwa na neno.

"Huwa napita njia ya nyuma kupeleka nguo," mshonaji alisema. "Nilikuona siku dirisha linawekwa, na juzi nimekiona kitanda dirishani. Shuka la zambarau. Zuri." Akalichukua ombi lake, akalikunja mara mbili. "Mimi sikuja kukusema, dada. Nilikuja kuuliza kama sheria imebadilika, maana cherehani moja imeshika kutu. Sasa nimeelewa kwamba haijabadilika."

Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Timazi alimaliza siku kwa kujikaza. Ni kwa ajili ya mama, alijirudia. Mshonaji ana chumba cha kulala, mama hakuwa nacho. Akaona bora aende akamwone mama mlangoni pake, aione ile furaha, ajiridhishe kwamba kuna mtu amepata kitu.

Alipoingia sebuleni aliliona pazia la maua. Lilikuwa limerudi kwenye waya wake.

"Mama?"

"Nipo," ilijibu sauti nyuma ya pazia. "Karibu, mwanangu. Pita upande, kuna ndoo."

Mama alikuwa ameketi kitandani. Shuka lilikuwa la zambarau. "Ni kwa muda tu," alisema kabla hajaulizwa. "Mwenye fremu ya duka amemtoa kaka yako. Vitu vingekaa wapi?"

Timazi alikwenda nyuma, akafungua ule mlango. Chumba kilinuka mafuta machafu. Injini tatu zilikaa sakafuni juu ya matairi, giaboksi zimepangwa ukutani, springi za malori zimerundikwa chini ya dirisha. Alisikia ubao ukilalamika chini ya kiatu chake mwenyewe. Akatoa timazi mkobani, akalining'iniza kando ya nguzo ya kona. Lilipotulia, uzi na nguzo vilikuwa vimeachana. Kati ya sakafu ya baraza na ukuta wa nyumba palikuwa na ufa unaopitisha kidole. Aliangalia kupitia ufa huo, akamwona wifi yake chini, ameinamia beseni, anafua.

Kaka yake alikuja akiwa anajifuta mikono.

"Toa hivi vyuma leo, kaka. Nguzo zinalala. Wifi yuko chini hapa anafua."

"Wewe si ulimwaga zege?"

"La kitanda na bibi mmoja. Si la injini za malori."

"Nikipata fremu nitatoa."

"Utatoa sasa. Hiki ni chumba cha mama."

Hapo kaka yake alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo zuri. "Chumba gani?" akasema. "Karatasi yako nimeiweka kabatini. Inasema hapa ni baraza. Mbao zimebadilishwa, upepo umezuiwa. Hakuna chumba hapa, mdogo wangu. Mtu hawezi kuweka vitu vyake barazani kwake? Niletee kanuni inayokataza."

Timazi alikuwa anazijua kanuni zote. Alijua mzigo unaoruhusiwa kwenye ghala, na kwenye chumba cha kulala, na alijua hatua za kuchukua mtu anapogeuza matumizi ya chumba bila kibali. Hakuna hata moja aliyoweza kuishika. Kwenye kumbukumbu za manispaa mahali pale hapakuwa na chumba cha kugeuzwa matumizi. Alikuwa amekiondoa yeye, kwa mwandiko wake mzuri.

"Niliandika kwa ajili ya mama," alisema.

"Na mimi nilijenga kwa ajili ya mama. Sasa hali imebadilika. Nikifa njaa mama atakula dirisha?" Akamshika bega, si kwa ubaya. "Usijali. Nikikaa sawa, atarudi."

Asubuhi Timazi alimwendea mkuu wa ofisi, mtu mpole aliyependa mambo yaishe kimya kimya. Alimweleza yote akiwa amesimama. Mkuu alisikiliza, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Andika hivi. Ulikagua ukarabati, ulikuwa ukarabati kweli, ukaondoka. Yeye akaziba baadaye. Tunampa amri ya kufungua, imekwisha. Kosa linabaki kwake."

"Nilikuwepo dirisha linawekwa."

"Nani alikuona?"

"Fundi. Mshonaji. Mama yangu."

"Hao hawaandiki ripoti."

"Naandika mimi," Timazi alisema.

Aliandika. Hakuweka magoti ya mama yake ndani ya ripoti, wala ada ya chuo, wala pazia. Aliandika kwamba kazi ilikuwa nyongeza, kwamba alijua ni nyongeza, na kwamba aliiita ukarabati. Mwishoni aliomba baraza lifunguliwe kabla halijamwangukia mtu.

Waliokaa kumjadili walikuwa watu watatu, na wawili kati yao Timazi aliwahi kuyaona majina yao chini ya vibali ambavyo havikustahili kutoka. Walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mmoja alisema imani ya wananchi ni kitu kitakatifu. Wakamwachisha kazi. Vibali vyao vikabaki kabatini, na kwa kadiri ijulikanavyo vimo humo mpaka leo.

Amri ya kufungua ilitekelezwa siku ya jua kali. Injini zilitolewa kwanza, watu wanne kwa kila moja, zikapangwa barabarani chini ya turubai. Kisha yule fundi mzee akapanda ngazi na nyundo. Alikuwa amezijenga kuta zile vizuri, na sasa zilimsumbua kuzing'oa. Timazi alikuja ingawa hakuwa na kazi tena pale. Alisimama mbali kidogo na beseni la wifi.

Kaka yake alimjia mpaka usoni. "Ungeniambia nitoe vyuma nikakataa, ungenichapa kofi. Ungevunja dirisha. Ungefanya lolote la ndugu," alisema. "Wewe umekwenda kuandika."

"Nilikuambia. Ulicheka."

"Haya. Dirisha likitoka hapa, na wewe umetoka kwenye nyumba hii. Usirudi."

Mama alikuwa ametolewa nje na kiti, asivute vumbi. Alikuwa anatazama ubao mmoja mmoja ukishuka. Timazi akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe lipi?" mama aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo halikusaidia. "La kuandika, au la kufuta?"

"Nilitaka upate mlango."

"Nilijua. Nilijua pia kwamba haukuwa wa kweli, maana nilikulea, na ulikuwa unaingia pale chumbani bila kuangalia kuta." Alinyoosha mkono akamtoa machujo ya mbao begani. "Siku ile nilikuambia nimechoka. Ungekataa, ningelia siku moja, nikazoea tena. Sasa sina chumba, na wewe ukija hutafunguliwa. Nyumba hii ilikuwa na pazia moja, mwanangu. Sasa yatakuwa mawili."

Upepo ulipita barazani kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama zamani. Fundi alishuka, akakusanya misumari, akaenda zake.

Miezi kadhaa baadaye Timazi alikwenda kwa mshonaji. Alikuwa amepata kibarua cha kuhesabu magunia ya saruji kwenye duka la vifaa, akahitaji koti la kazini. Koti lake la ofisi lilikuwa bado zima. Alitaka tu nembo ya manispaa itolewe mfukoni.

Mshonaji alilipokea, akaligeuza, akachukua wembe. Alikuwa amekaa kwenye baraza lililo wazi, cherehani moja mbele yake, ya pili imefunikwa mfuko wa plastiki. Akaanza kukata nyuzi za nembo, moja moja.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Pale pale. Hunipigia simu kaka akitoka. Huzungumza kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuna mlango."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa. Nembo ikatoka. Mahali ilipokuwa pakabaki kitambaa cheusi kuliko sehemu nyingine za koti, na matundu madogo ya sindano yamezunguka pande zote nne.

"Alama haitatoka," mshonaji alisema. "Hata ukifua."

"Najua."

Upepo ukainua turubai, kamba moja ikafyatuka, vitambaa vikaanza kuruka. "Shika hapo," mshonaji akaamuru, na Timazi akashika. Akiwa amesimama vile, mikono juu, macho yake yalishuka yenyewe kwenye nguzo za baraza, kwenye yale matofali mawili mawili yasiyo na zege. Akayaondoa macho.

Mshonaji alifunga kamba, akalikunja koti, akataja bei. Hakumpunguzia, na Timazi hakuomba.